Maswali kwa Mzee wa Mikanda: Yoda wa mpira kaenda wapi?

Tangu Mei 2024, ile picha ya Star Wars iitwayo The Phantom Menace iliporudishwa kwenye kumbi za sinema kwa kutimiza miaka 25, barua zake hazijakatika mezani kwangu. Nimezikusanya, leo nazijibu kwa mkupuo. Wasiopenda picha za anga wanisamehe, mwezi ujao tunarudi kwenye za Kihindi. Kwa aliyepitwa: picha hii ya George Lucas ilitoka 1999, baada ya zile tatu za mwanzo za 1977, 1980 na 1983, lakini kisa chake ndicho kinachozitangulia. Yule Darth Vader mwenye kofia nyeusi na pumzi za kukoroma, humu bado ni kitoto cha miaka tisa, mtumwa, jina lake Anakin. Jedi ni wale mashujaa wenye panga za mwanga, na Yoda ni mwalimu wao mzee, mfupi wa kijani. Mimi nilikuwa na kibanda cha kukodisha mikanda Ngamiani, Tanga, kuanzia 1993 hadi 2007, na picha hii ilinipa ulaji na ikanipa maneno vilevile.

Shikamoo Mzee. Kaka yangu ni mgonjwa wa Star Wars tangu tukiwa wadogo. Alipotimiza miaka 40 nikamnunulia Blu-ray ya The Phantom Menace, tukakaa kuiangalia familia nzima. Ilipofika kwenye Baraza la Jedi akachukua rimoti, akazima, akasema, "Huyu siyo Yoda wangu." Watu kimya, keki mezani. Je, nimeuziwa feki? – Mdogo Mtu, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Hujauziwa feki, na kaka yako macho yake ni mazima. Yoda aliyemwona utotoni alikuwa kikaragosi cha mpira, ndani yake mkono wa Frank Oz, yuleyule aliyemchezesha tangu 1980. Kwenye Blu-ray zilizotoka Septemba 2011 kikaragosi kimeondolewa, akawekwa Yoda wa kompyuta ili afanane na yule wa picha mbili zilizofuata. Sauti imebaki ya Oz, mwili si wake.

Kinachonichekesha ni kwamba mwaka 1999 mashabiki walewale walimsimanga huyo Yoda wa mpira. Kilikuwa kikaragosi kipya, kimetengenezwa kionekane kijana kidogo kuliko cha zamani, kikaishia kuwa na uso wa mtu aliyeamshwa usiku wa manane kuulizwa deni. Wateja wangu walikuwa wanarudisha mkanda na swali: "Mzee, Yoda anaumwa?" Leo kaondolewa, wanamlilia. Ameshakuwa marehemu, na marehemu hasemwi vibaya.

Sasa shika vizuri habari ya matoleo, maana wauzaji wengi hawaijui. Mkanda wa VHS ulitoka Aprili 2000, na humo mna picha kama ilivyoonyeshwa sinema. Mwaka huohuo Wajapani wakapata na diski ya leza, lile sahani kubwa kama santuri, nayo hivyohivyo. DVD ikachelewa mpaka Oktoba 2001, na mashabiki wa Marekani walikasirika kweli kwa kungojeshwa, kwa sababu wengi walishanunua deki za DVD na ikabidi warudi kwenye mkanda. Ndiyo iliyokuwa picha ya kwanza ya Star Wars kuingia kwenye DVD. Lakini Lucas hakuiacha ilivyo. Alirefusha zile mbio za jangwani Tatooine, za vigari vinavyovutwa na injini mbili kama farasi wawili, na akachomeka kipande cha teksi ya angani mjini Coruscant. Yoda wa mpira bado yumo. Kisha ndiyo Blu-ray ya 2011 na 4K ya 2020, zote Yoda ni wa kompyuta, na hata ukiangalia kwa mtandao utakutana na huyohuyo.

Kwa hiyo mtafutie kaka DVD ya 2001, hata iliyotumika, ilimradi upande wa chini haujakwaruzwa. Atampata Yoda wake, na mbio ndefu zaidi kidogo juu yake. Lakini kama ni mtu wa kugombana hata kwa dakika chache zilizoongezwa, na kwa hadithi yako naona ndiye, basi anachokitaka ni mkanda. Ile ya 1999 isiyoguswa haiuzwi tena dukani. Imo kwenye kitu ambacho watu walishakitupa jalalani.

Mzee, mtandaoni wanasema DVD ya 2001 ina dakika 136. Yangu inaishia dakika 130 na kitu. Dakika tano na ushee nani kala? – Mhasibu, Morogoro

Hakuna aliyekula. Picha ya sinema inapita fremu 24 kwa sekunde, lakini mfumo wetu wa TV, PAL, unakwenda 25. Diski ya PAL kwa hiyo inakimbia kwa asilimia 4. Chukua 136, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25, utapata 130 na nusu. Wewe ni mhasibu, hesabu hiyo unaiweza. Kila kitu kimo, ila wanasema haraka kidogo, na sauti zimepanda kidogo sana, kiasi cha kumkera mpiga kinanda peke yake. Blu-ray haina mambo hayo.

Asalaam aleikum. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia na alipenda sana hizi picha. Nikipanga vitu vyake nimepata boksi gumu la The Phantom Menace, ndani mna mkanda, kijitabu cha michoro na kipande kidogo cha filamu kimewekwa kwenye kadi. Kijana wangu asema nitupe, ati hata deki hatuna. Nifanyeje? – Mama Watatu, Mombasa

Waaleikum salaam, dada yangu, na pole. Usitupe. Kwanza kitoe hicho kipande cha filamu kwenye kadi yake, kishike kwa kingo usikiguse katikati, kiinue dirishani mchana. Utaona vipicha vidogo vimepangana, na vitundu pembeni vinavyoshikwa na meno ya mashine ya sinema. Hiyo ni filamu ya milimita 35. Boksi hilo ni toleo la wakusanyaji la mwaka 2000, la picha pana. Mkanda wa kawaida wa mwaka ule ulikuwa umejaza kioo chote cha TV za zamani, zile za mraba, na ili ujaze ilibidi picha ikatwe kushoto na kulia. Ukipiga hesabu ya upana, zaidi ya asilimia 40 ya picha ilikuwa inabaki nje. Mume wako alichagua ile isiyokatwa. Alikuwa anajua anachofanya.

Nitakueleza la kwangu, maana barua yako imenirudisha mbali. Mimi pia boksi hilohilo nililetewa na baharia, shemeji yangu, alilinunua bandarini Marekani mwaka 2000. Nikalifungua mbele ya vijana sita, tukatia mkanda kwenye deki. Picha ikaja nyeusi na nyeupe, inapanda juu kama gazeti linaloviringishwa, sauti inasikika vizuri tu. Shemeji akadhani ameuziwa mkanda mbovu, akataka kutukana. Kumbe ni NTSC, mfumo wa Marekani, na deki yangu ilikuwa inajua PAL peke yake. Wiki tatu nilizunguka mpaka fundi mmoja akanipatia deki inayosoma mifumo yote, na bei yake sitaitaja kwa sababu mke wangu anasoma gazeti hili. Kwa hiyo, dada, geuza boksi, tazama mgongoni pameandikwa PAL au NTSC kabla hujamwazima mtu.

Basi nikaanza kuukodisha. Siku ya pili ukarudi. Mama mmoja ameushika mkononi: "Mkanda wako umenikatia picha juu na chini, nyeusi tupu." Nikamweleza kwamba hiyo mistari myeusi ndiyo inayomwonyesha picha nzima, kwamba mkanda mwingine ndio uliokatwa. Akanisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akasema: "Nimelipa shilingi 500, nusu ya kioo ni giza. Nirudishie 250." Nikamrudishia.

Ila mwishoni mwa picha, pale Liam Neeson na Ewan McGregor wanapopambana na yule mwenye uso mwekundu na pembe, Ray Park, mwenye upanga wa mwanga wa ncha mbili, ndipo utajua thamani ya mistari ile. Ni watu watatu, wanazungukana. Kwenye kioo cha mraba watatu hawaenei, lazima mmoja atoke ili mwingine aingie. Vijana wangu sita walipoziona zote mbili walihamia kwenye picha pana moja kwa moja. Watu wazima hawakuhama.

Mzee wetu, guka alikuwa akituambia kuna mtu anaongea Kikuyu ndani ya Star Wars. Nimeangalia hii Phantom Menace mara mbili na sijasikia kitu. Alikuwa anatubeba ujinga? – Mjukuu, Thika

Guka alisema kweli, ila wewe umeshika picha nyingine. Ni Return of the Jedi ya 1983. Kwenye chombo Millennium Falcon, kando ya Lando anayekiendesha, kuna rubani mwenye mashavu ya kuning'inia aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi huko Marekani, na anachoongea ni Kikuyu. Mkae muiangalie wote, na mumwombe guka radhi kama bado yupo. Kwenye hii ya 1999 mchango wa Afrika ni ardhi: jangwa la Tatooine lilipigwa Tunisia, upande wa Tozeur, na dhoruba ikazibomoa seti zao wakiwa huko. Jina lenyewe Tatooine limetoka kwenye mji wa Tunisia, Tataouine.

Nimenunua TV ya inchi 65. DVD yangu ya zamani inaonyesha mstari mweupe mwembamba kuzunguka vichwa vya watu kama wametakaswa. Kioo kibovu? – Mpenda Vifaa, Muscat

Kioo hakina neno. DVD ile ilikolezwa kingo ilipotengenezwa, ili kwenye TV ndogo za 2001 ionekane kali, na mashabiki waliiona kasoro hiyo mwaka uleule. Kwenye inchi 21 usingeiona. Blu-ray imeiondoa, lakini ilifuliwa mno: wameondoa chembechembe za filamu mpaka ngozi za watu zimekuwa kama nta. Kwa kioo chako hicho, tafuta 4K ya 2020, na sauti ya mbio za vigari ukiifungulia, jirani mpe taarifa kwanza.

Mimi na mwenzangu tumenuniana. Yeye anasema picha hii ilichukiwa na dunia nzima kwa sababu ya Jar Jar, yule kiumbe mchekeshaji mwenye masikio marefu. Mimi nasema kama ilichukiwa, mbona DVD yake ilinunuliwa vile? Tuamulie. – Wawili Tusioelewana, Mwanza

Siwaamulii, nyote mna haki. Ilichukiwa na ikanunuliwa. Nchini Marekani DVD ile iliuza zaidi ya nakala milioni 2 kwa wiki ya kwanza, na walioinunua ndio haohao waliokuwa wanaitukana. Wengi walikuwa wanafuata diski ya pili. Humo mna filamu ya Jon Shenk, ya zaidi ya saa moja, inayoonyesha picha ilivyotengenezwa, bila msimulizi wa kukwambia uone nini. Wanajaribiwa watoto watatu kwa nafasi ya Anakin kabla ya kuchukuliwa Jake Lloyd. Halafu kuna chumba baada ya wao wenyewe kuiona kwa mara ya kwanza: wamekaa, wamepoa, Ben Burtt mtu wa sauti anasema mambo yanapishana haraka mno, na Lucas anakiri kwamba pengine sehemu nyingine amezidisha. Sijawahi kuona tajiri wa sinema akijianika namna hiyo ndani ya boksi lake mwenyewe. Mtu asiyeipenda picha hii aiangalie diski ya pili.

Chuki yenyewe ilifika mbali. Mhariri mmoja wa California, Mike J. Nichols, aliukata mkanda upya nyumbani, akampunguza Jar Jar na mengineyo, akatoka na toleo fupi lililozunguka mikononi mwa mashabiki mwaka 2001. Hilo nalielewa, ni kazi ya mikono. Nisilolielewa ni kumwandama mchezaji. Ahmed Best, aliyekuwa ndani ya Jar Jar, alieleza hadharani mwaka 2018 kwamba alifikia kusimama mahali pa kujitoa uhai. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu anafanya alichoambiwa.

Lakini mimi maneno ya wateja sikuyaamini sana, niliamini mkanda. Ninyi mliozaliwa na diski hamjui jambo hili. Mkanda ukirudishwa nyuma mahali palepale mara nyingi, ukasimamishwa, ukaendelezwa, pale panachoka, na picha inatupa chenga na mistari myeupe inayokatiza. Unaukagua mkanda uliorudi kwa mteja, unajua usiku wameangalia nini. Picha za mapigano chenga ziko kwenye mapigano. Za mapenzi, mnajua zilikuwa wapi.

Mkanda wangu wa kawaida wa The Phantom Menace ulikuwa na chenga mahali patatu. Pa kwanza, mbio za vigari, mzunguko wa mwisho. Pa pili, ule upanga wa ncha mbili unapowashwa, upande mmoja kisha wa pili, pale pameliwa kabisa mpaka sauti inakatika. Na pa tatu ni mezani kwa mama yake Anakin: Jar Jar anatoa ulimi wake mrefu kunyakua tunda, na Neeson anaudaka ulimi kwa vidole viwili bila kumtazama. Sekunde chache tu. Wateja walewale waliokuja kuniambia "Yule sungura wako ni upuuzi, Mzee" ndio waliourudisha mkanda pale, usiku kwa usiku, na watoto wao wakicheka sakafuni. Yale mazungumzo ya siasa bungeni, ya kodi za biashara na kansela kung'olewa, yalirudi kwangu safi kama siku ya kununuliwa. Hakuna aliyewahi kurudia hata mara moja.

Mwambie mwenzako hivyo, kisha mnunuliane soda.

Mkanda wangu una unga mweupe ndani. Naweza kuutia kwenye deki niangalie mara moja tu? – Mwana wa Pwani, Pemba

Usithubutu. Huo ni ukungu, sisi wa pwani tunaujua. Ukiutia, unahamia kwenye kichwa cha deki, na kila mkanda utakaofuata utaugua. Fanya hivi: bonyeza kile kitufe kidogo ubavuni mwa mkanda, inua kifuniko cha mbele, tazama. Kama unga uko kwenye kingo za mzingo tu, weka mkanda mahali pakavu penye hewa, si juani, siku kadhaa, kisha nenda nje na brashi laini kavu, pangusa taratibu, ukiwa umefunga kitambaa puani. Pitisha mkanda wote kwa mkono, ukizungusha magurudumu kwa kalamu, na pangusa tena. Kama unga umeingia mpaka katikati, mpelekee fundi mwenye deki asiyoijali. Baada ya hapo hifadhi umesimama wima, usiulaze, na tia ndani ya boksi vile vifuko vya punje vinavyokuja na viatu vipya.

Mzee, lile boksi la shemeji bado unalo? Unauza? – Mnunuzi, Arusha

Ninalo. Siuzi. Kwanza shemeji mwenyewe sijamlipa mpaka leo.